Losheni ya Jua Ikikutoa Vipele: Hatua za Kukipata Kiambato Chenye Kosa Bila Kuiacha Ngozi Wazi

Mtu akipaka losheni ya jua kisha uso ukaanza kuwasha na kutoa vipele, jambo la kwanza analofanya ni kuitupa chupa, na la pili ni kuapa kwamba hatapaka tena. Yote mawili yana hasara. Chupa ndiyo ushahidi wa kilichoingia kwenye ngozi. Na kwa mtu mwenye ualbino, au mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili unaochochewa na jua), kukaa bila kinga ni kukaribisha ugonjwa mkubwa kuliko huo wa vipele. Hatua zilizo hapa chini zinalenga kukitambua kiambato kimoja au viwili vinavyokukataa, kuviepuka popote vilipo, na kuendelea kujikinga na jua kama kawaida.

Kwanza tuelewane kuhusu vilivyomo ndani ya chupa. Losheni za jua hutumia vichujio vya aina mbili. Vya madini ni zinki oksidi na titani dioksidi, na mzio wake ni nadra mno. Vya kemikali humeza mionzi ya urujuanimno na kuigeuza kuwa joto, na humo ndimo mna vile vinavyoleta mzio. Hata hivyo, wengi wanaosema wana aleji ya losheni ya jua hawana mzio wa kichujio chochote. Wengine ngozi imechomwa tu, wengine wana mzio wa manukato au wa kihifadhi. Ndiyo maana usikihukumu kichujio kabla hujafika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Ondoa losheni, lakini usitupe chupa

Losheni nyingi zimetengenezwa zisitoke kwa jasho wala maji, kwa hiyo kujimwagia maji peke yake hakutoshi. Paka vaselini nyeupe isiyo na manukato juu ya sehemu iliyopakwa, iache dakika moja au mbili iyeyushe losheni, ifute taratibu kwa kitambaa laini, kisha osha kwa maji ya baridi na sabuni ya kipande isiyo na harufu. Usisugue kwa dodoki. Usipake ndimu, dawa ya meno, wala spiriti. Ndimu ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua yanababua ngozi yenyewe, hata ya mtu asiye na mzio wowote.

Baada ya hapo ingia kivulini na vaa nguo ya mikono mirefu. Piga picha ya chupa mbele na nyuma, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, kisha piga picha ya vipele siku hiyo hiyo. Ukifika kwa daktari wiki mbili baadaye, vipele vimeshafifia, picha hizo ndizo atakazozitumia.

Nenda hospitali mara moja, usingoje, ikiwa midomo au macho yanavimba, pumzi inabana, unasikia kizunguzungu, au mabaka yaliyovimba yanaenea mwili mzima ndani ya dakika chache baada ya kupaka. Hili hutokea mara chache sana, ila limewahi kuripotiwa kwa oksibenzoni, kimojawapo cha vichujio vya kemikali, na halisubiri dawa ya dukani.

Hatua ya 2: Soma saa na ramani ya vipele

Hapa ndipo penye majibu mengi, na hapahitaji gharama yoyote. Jiulize maswali mawili: vilianza muda gani baada ya kupaka, na viko wapi hasa?

Ikiwa palichoma ndani ya dakika chache, hasa kuzunguka macho, kisha pakatulia bila kuacha kipele, huo ni mchomo wa kawaida. Jasho linapoiteremsha losheni hadi kwenye jicho hali huwa hiyo hiyo. Ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo au iliyokondeshwa na krimu za steroidi huchomwa na karibu kila kitu, pamoja na losheni iliyo salama. Kwa mtu huyo kosa haliko kwenye chupa ya losheni, na hatua ya maana ni kuacha mkorogo kwa msaada wa daktari.

Ikiwa vipele vimetokea baada ya saa 24 hadi 72, vinawasha sana, na vingine vina malengelenge madogo yenye maji, hapo mzio wa kweli unashukiwa. Huu una sura mbili. Katika mzio wa kugusa, vipele hufuata mahali popote ulipopaka, hata palipofunikwa na nguo. Katika mzio wa mwanga, losheni peke yake haikudhuru na jua peke yake halikudhuru, lakini vikikutana vinadhuru: mionzi ya UVA (aina mojawapo ya urujuanimno) huibadilisha molekuli ya kichujio, inashikamana na protini za ngozi, na kinga ya mwili inauona mchanganyiko huo kuwa adui.

Ili kutofautisha sura hizo mbili, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Mzio wa mwanga hupiga paji la uso, mashavu, pua, kifua pale shati linapoachia wazi, mgongo wa kiganja na mkono wa nje. Huruka kope za juu, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, mikunjo ya shingo, na ule mstari uliokaa chini ya mkanda wa saa. Ukiona sehemu hizo zimesalimika ilhali ulizipaka, dalili hiyo ina uzito mkubwa. Angalia pia kama upande mmoja umezidi. UVA hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha la gari, kwa hiyo dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda huharibika zaidi mkono wa kulia, na wa Rwanda, Burundi au Kongo mkono wa kushoto.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu unaoelezwa vitabuni. Tafuta rangi inayoelekea zambarau au kijivu, ngozi iliyokuwa nene kidogo, na vipele vidogo unavyovihisi kwa ncha za vidole kabla ya kuviona. Washa tochi ya simu kutoka pembeni, siyo kutoka mbele, na uvimbe utajitokeza kwa kivuli chake. Vipele vikipona huacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Mabaka hayo si mzio unaoendelea, ni alama tu, na kuyashambulia kwa krimu ya kung'arisha ni kuanzisha tatizo la pili.

Viko pia vinavyofanana na mzio lakini sivyo. Harara hutokea kwenye joto na jasho, mara nyingi mahali nguo inapobana. Chunusi za losheni nzito hazina muwasho mkali. Dawa za kumeza kama doksisaiklini na haidroklorothiazaidi huifanya ngozi ibabuke juani hata kama hujapaka chochote. Na kuna watu ambao ngozi yao hutoa vipele kwa jua lenyewe wakikaa nalo ghafla baada ya miezi ya kivuli, jambo linalowapata sana waishio Ulaya wanapotembelea pwani. Ukipata vipele siku ambayo hukupaka losheni, hesabu hizi kwanza.

Hatua ya 3: Soma orodha ya viambato

Chupa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutenga vichujio juu ya orodha na kuandika asilimia zake. Ya soko la Ulaya huvichanganya na viambato vingine vyote bila asilimia, na majina nayo hutofautiana. Kwa hiyo majina yafuatayo nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye chupa, uyatafute herufi kwa herufi.

Benzophenone-3, ambayo Marekani huitwa Oxybenzone. Kwa miongo mingi hii ndiyo imekuwa ikitajwa sana katika mizio ya vichujio, na mwaka 2014 jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa mzio wa kugusa iliyachagua mabenzofenoni kuwa kizio cha mwaka. Ulaya imeibana, na tangu kanuni ya mwaka 2022 kiwango chake ni 6% kwa losheni za uso na 2.2% kwa za mwili mzima. Chupa ya Ulaya yenye kiasi cha maana hulazimika kuitaja waziwazi. Ndugu yake, Benzophenone-4, hukaa kwenye shampuu na sabuni za maji, kwa hiyo vipele vya shingo na kichwa visikushangaze.

Octocrylene. Hii ina habari ndefu, na inafaa uielewe vizuri. Watu wazima wengi wenye mzio wa mwanga wa oktokrilini hawakuanzia kwenye losheni. Walianzia kwenye jeli ya ketoprofeni, ile ya kuchua misuli na magoti. Ketoprofeni ni mfundishaji mkali wa mzio wa mwanga, na mwili ukishaifahamu huanza kuikataa oktokrilini na Benzophenone-3 pia. Katika utafiti wa hospitali 30 za nchi 12 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 1,031, ketoprofeni ndiyo iliyoongoza kwa mzio wa mwanga, na kati ya vichujio vya kemikali oktokrilini ilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzazi mwenye vipele vya uso ni hili: je, katika miezi iliyopita ulichua goti kwa jeli gani? Hata kama ameiacha, dawa hiyo hubaki kwenye ngozi, na jua linaweza kuamsha vipele wiki kadhaa baadaye. Oktokrilini pia hujivunja polepole na kutoa benzofenoni kadiri chupa inavyozeeka, sababu mojawapo ya kutotumia chupa ya miaka iliyopita au iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Butyl Methoxydibenzoylmethane, yaani Avobenzone. Mzio wake upo lakini si wa kila siku. Binamu yake, isopropili dibenzoilimethani, aliondolewa sokoni mwaka 1993 kwa kuleta mizio mingi mno.

PABA na Ethylhexyl Dimethyl PABA. PABA yenyewe ilitumika sana zamani na leo imepigwa marufuku Ulaya, ila ukiiona kwenye chupa, jihadhari ikiwa umewahi kubabuka kwa piko au kwa rangi nyeusi ya nywele. Piko inayochorwa mikononi kwenye harusi za pwani huwa na PPD, ile ile ya rangi za nywele, na mwili uliokwisha kuikataa PPD unaweza kuikataa PABA kwa kuwa maumbile yao yanakaribiana. Benzokaini, dawa ya kutia ganzi, imo kwenye ukoo huo huo.

Ethylhexyl Methoxycinnamate, kwa Marekani Octinoxate: fikiria hii kama una mzio wa mdalasini au wa manukato mazito.

Methylene Bis-Benzotriazolyl Tetramethylbutylphenol. Jina refu, ila jambo lenyewe ni fupi. Mara nyingi anayepata vipele hapa hana mzio wa kichujio, ana mzio wa Decyl Glucoside inayochanganywa nacho ili kisagike. Kiambato hicho hicho kimo kwenye sabuni nyingi za maji zinazouzwa kwa jina la upole, za watoto zikiwamo.

Ukimaliza vichujio, pigia mstari Parfum au Fragrance, yaani manukato, na Methylisothiazolinone, ambayo ni kihifadhi. Hivi viwili peke yake huwaponza watu wengi. Kisha fungua kabati lote: mafuta ya midomo, fondesheni, krimu ya mchana yenye maandishi ya SPF (kipimo cha kinga ya jua), rangi ya kucha. Vichujio vimo humo kote, na mtu anaweza kuacha losheni ya jua akaendelea kupaka oktokrilini ile ile kila asubuhi kwenye fondesheni.

Hatua ya 4: Jaribio la mkono, siku 7 hadi 14

Subiri ngozi ipone kabisa na zipite angalau wiki 2 tangu uache krimu ya steroidi, maana steroidi huficha jibu. Usifanye jaribio hili kama ulivimba uso, ulitoka mabaka ndani ya dakika chache, au ulilazwa. Mtoto mdogo naye apelekwe kwa daktari.

Chora kwa kalamu mraba wa sentimita 5 kwa 5 kwenye mkono wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, mikono yote miwili. Paka losheni moja tu, kiasi cha punje ya choroko kwa kila mraba, asubuhi na jioni, bila kuiosha kwa makusudi. Mraba mmoja uufunike kwa mkono wa shati zito. Wa pili, baada ya kupaka asubuhi, ungoje dakika 20 kisha uuweke juani dakika 10 hadi 15, nje na si nyuma ya kioo. Mwenye ualbino, mwenye lupasi na anayetumia dawa zinazoongeza ukali wa jua wasiufanye huo wa juani. Wafanye ule uliofunikwa pekee, na swali la mwanga waliache kwa kliniki.

Acha mara tu ukiona vipele. Vikitokea miraba yote miwili, ni mzio wa kugusa. Vikitokea wa juani peke yake, ni mzio wa mwanga. Isipotokea kitu ndani ya siku 7, endelea hadi 14, kwani mzio hafifu huchelewa.

Makosa yanayoharibu jaribio hili ni machache na yanajirudia: kujaribu losheni mbili kwa wakati mmoja, kupaka mara moja tu na kutangaza kwamba ni salama, kupaka nyuma ya sikio mahali jua halifiki, na kuacha siku ya tatu kwa sababu hakuna kitu. Kumbuka pia kwamba jaribio hukuambia bidhaa gani, halikuambii kiambato gani. Ukiwa na bidhaa mbili zilizokukataa na moja iliyokukubali, linganisha orodha zao. Kilichomo kwenye zote mbili na hakimo kwenye ya tatu, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 5: Kipimo cha vibandiko hospitalini

Jibu la uhakika liko hapa. Daktari wa ngozi hubandika mgongoni seti mbili zinazofanana za viambato. Baada ya saa 24 au 48 seti moja hufunuliwa na kumulikwa kwa UVA, kwa kawaida joule 5 kwa kila sentimita ya mraba, nyingine inabaki gizani. Matokeo husomwa zaidi ya mara moja katika siku zinazofuata. Palipoitikia upande uliomulikwa tu, ni mzio wa mwanga. Palipoitikia pande zote mbili kwa nguvu sawa, ni wa kugusa.

Si kila hospitali ina taa na vibandiko hivyo, kwa hiyo piga simu kuuliza kabla ya kufunga safari. Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia kuulizia ni kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Beba chupa zenyewe, jeli za kuchua, vipodozi vyote na picha zako. Usioge mgongo siku za vibandiko, usicheze mpira, usiuanike mgongo juani wiki kadhaa kabla, na mwambie daktari kama unameza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge.

Hatua ya 6: Tibu vipele vilivyopo

Kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Vaselini nyeupe kati yake. Usoni, krimu ya haidrokotisoni 1% kiasi chembamba mara mbili kwa siku kwa siku 5 hadi 7, mbali na kope. Mikononi na kifuani daktari au mfamasia anaweza kukupa betamethasoni 0.1% kwa muda kama huo. Setirizini, dawa ya kupunguza muwasho, 10 mg usiku humsaidia mtu mzima kulala, ingawa haiondoi mzio wenyewe.

Ninasisitiza: usinunue zile tyubu mchanganyiko zenye klobetasoli (steroidi kali), dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja. Vipele hutulia siku mbili, kisha ngozi ya uso inakonda, inatoa chunusi na mishipa, na kila ukiacha vinarudi vikali zaidi. Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, au homa, ni maambukizi, nenda kituo cha afya.

Hatua ya 7: Rudisha kinga siku hiyo hiyo

Usingoje majibu ya kipimo. Chagua losheni ambayo vichujio vyake ni Zinc Oxide, au hiyo pamoja na Titanium Dioxide, bila kingine, bila manukato, SPF 30 au zaidi. Soma nyuma ya chupa, kwa sababu zipo zinazojitangaza mbele kuwa za madini na nyuma zimeongezwa oktokrilini. Kwa ngozi nyeusi zinki huacha weupe, na watu huipunguza hadi haina kazi. Tafuta yenye rangi, iliyotiwa Iron Oxides. Hizo hufuta weupe na pia huzuia mwanga wa kawaida unaokoleza mabaka. Krimu ya zinki ya watoto wanaovaa nepi haijapimwa kwa kazi hii, wala mafuta ya nazi hayakingi jua kwa kiwango cha kutegemewa.

Uso na shingo huhitaji mistari miwili ya losheni, kila mmoja urefu wa kidole. Mwili mzima wa mtu mzima ni takriban mililita 30. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na kila utokapo majini. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, nguo iliyofumwa kwa kubana na mikono mirefu hazina mzio wa kichujio, na hupunguza eneo linalohitaji losheni hadi uso, shingo na viganja. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni panga kazi za nje kivulini kadiri uwezavyo.

Mwenye ualbino aliyepewa losheni kliniki ikamtoa vipele airudishe kliniki na kuomba ya madini, badala ya kuiweka kando kimya. Wanaogawa hawawezi kubadilisha wasichojua. Mpaka apate nyingine, nguo na kofia ziwe za lazima, hata siku ya mawingu.

Ukishakijua kiambato chako, kiandike kwa majina yake yote mawili, la Ulaya na la Marekani, kwenye karatasi ndogo inayokaa na kitambulisho chako. Mwonyeshe mfamasia kabla hajakupa jeli ya kuchua, na mhudumu wa saluni kabla hajakupaka chochote usoni. Bidhaa yoyote mpya ipitie siku 7 za mraba wa mkononi kabla ya kufika usoni, hata ile ya kampuni unayoiamini, kwa kuwa viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha chupa.